MOTO UKISHAZIMWA, TUKAE TUULIZANE
Yale ambayo wazimamoto hujifunza baada ya tukio, na namna familia na madrasa zinavyoweza kuyafuata



Ndugu msomaji, moto unapotokea mtaani kwetu watu hukimbilia na ndoo za maji na michanga, majirani hutoa vyombo nje, na mara nyingi, Alhamdulillah, moto huzimwa kabla ya kuenea. Baada ya hapo wenye nyumba hupewa pole, huchangiwa shuka na sufuria, na kila mtu hurejea kwake. Siku ya tatu jiko la mkaa limesharudi palepale, karibu na pazia lilelile. Ukiuliza ilikuwaje, jibu utakalopewa ni moja tu, kwamba ni kadari ya Mwenyezi Mungu.

Askari wa zimamoto waliofundishwa vizuri hawaishii hapo. Kwao moto ukishazimwa kazi ya pili ndiyo huanza, nayo ni kukaa na kuulizana: nini kimetokea, kwa nini kimetokea, na tubadilishe nini ili kisitokee tena. Safu yetu ya Afya na Usafi wiki hii inaitazama kazi hiyo ya pili. Sisi tunaopokea majeruhi wa moto zahanati na hospitalini tunajua kuwa jeraha la moto huchukua wiki na hata miezi kupona, na baadhi ya makovu hubaki maisha yote. Tiba bora ya jeraha la moto ni lile jeraha ambalo halikutokea.

KADARI HAIZUII KUULIZA SABABU

Kadari tunaiamini, na ni katika nguzo za imani. Lakini kuamini kadari hakumzuii Muislamu kuuliza sababu. Katika Hadithi iliyosimuliwa na Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), iliyomo ndani ya Sahihi za Bukhari na Muslim, tunaelezwa kuwa nyumba moja mjini Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari ile aliwafahamisha Masahaba kwamba moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime wanapokwenda kulala.

Hebu tuzingatie mafundisho hayo. Tukio limetokea, taarifa imefikishwa kwa kiongozi, hatari imetajwa kwa jina lake, na hapohapo umma umepewa jambo moja la kufanya kila usiku. Hakuna mahali katika riwaya hiyo ambapo wenye nyumba wametukanwa au kulaumiwa. Nyumba moja iliungua na mafundisho yakaenda kwenye nyumba zote. Huo ndio msingi wa kazi inayofanywa leo na vikosi vya zimamoto vinavyojali.

MASWALI MANNE KANDO YA GARI

Namna ya kuulizana si ngumu. Utaratibu unaotumiwa na vikosi vingi, hasa vya Marekani, ulitoka jeshini. Moto ukishazimwa, kabla watu hawajatawanyika, kikosi husimama kando ya gari la zimamoto na kujibu maswali manne:

1. Tulikusudia kufanya nini?
2. Nini hasa kimetokea?
3. Kwa nini kukawa na tofauti kati ya yale tuliyokusudia na yale yaliyotokea?
4. Safari ijayo tutabakisha nini na tutabadilisha nini?

Kikao hicho huweza kuchukua dakika 10 au robo saa tu. Sharti lake kubwa ni kwamba kila aliyekuwepo azungumze, akiwemo askari mpya aliyekuwa ameshika mpira wa maji nyuma kabisa. Huyo huenda aliona jambo ambalo kamanda hakuliona, kwa mfano mlango wa uani uliokuwa umefungwa kwa kufuli, au mpira uliokunjika ukakata maji. Tukio likiwa kubwa, kikao hicho cha haraka hufuatiwa na uchunguzi rasmi wa wiki au miezi kadhaa, ambapo rekodi za simu za upepo husikilizwa, picha hutazamwa na mashahidi huhojiwa.

Sharti la pili ni kuwa swali huwa "nini" na "kwa nini", wala halianzii kwenye "nani". Mwaka 1998 Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi NIOSH, ilianzisha mpango wa kuchunguza vifo vya wazimamoto. Tangu awali ilielezwa wazi kuwa lengo la uchunguzi huo si kumtafuta mkosa wala kumwadhibu mtu, bali ni kutoa mafundisho kwa vikosi vingine. Mwaka 2005 wazimamoto wa nchi hiyo waliongeza utaratibu mwingine, wa kuripoti kwa siri mambo yaliyokaribia kuleta madhara lakini Mungu akanusuru. Mtu alikaribia kuangukiwa na dari, akaponyoka, basi anaandika habari ile ili mwenzake wa mji mwingine aisome.

Hekima yake ni rahisi kuifahamu. Watu wakijua kuwa ukweli utawaletea adhabu, wataficha ukweli. Hata sisi matabibu tunaliona hilo. Mtoto huletwa na jeraha la maji ya moto, ukimuuliza mama ilikuwaje anajibu "amemwagikiwa tu", kwa sababu baba yupo pembeni amekunja uso. Dada wa kazi aliyekaribia kuunguza jiko la gesi hasemi, anaogopa kufukuzwa. Mtoto aliyechezea kiberiti akaunguza kona ya godoro hatakimbilia kwa mzazi kuomba msaada. Atajificha chini ya kitanda, na moshi utamkuta hukohuko. Ndugu mzazi, nyumba ambayo mtoto anaogopa fimbo kuliko anavyouogopa moto ni nyumba iliyo hatarini.

SOMO LA MLIMANI, MWAKA 1949

Tutoe mfano wa jinsi msiba unavyoweza kugeuzwa kuwa mafundisho. Tarehe 5 Agosti 1949, katika bonde liitwalo Mann Gulch jimboni Montana, Marekani, watu 16 walikuwa wakipambana na moto wa nyika. Ghafla upepo ukauleta moto kuwaelekea, wakaanza kuukimbia kupandisha mlima. Msimamizi wao, Wagner Dodge, alipoona hawatauwahi, aliwasha kiberiti akachoma majani yaliyokuwa mbele yake, kisha akalala kifudifudi katika majivu. Moto mkubwa ulipofika haukukuta cha kuunguza pale, ukampita. Aliwaita wenzake waingie naye, lakini hawakuwahi kufundishwa jambo lile, wakaendelea kukimbia. Watu 13 walifariki, 3 wakanusurika.

Mbinu aliyoibuni Dodge kwa dharura ikaja kuingizwa kwenye mafunzo. Mwaka 1957 Idara ya Misitu ya Marekani iliunda jopo lililopitia mioto 16 iliyoua wazimamoto kati ya mwaka 1937 na 1956. Jopo lilitafuta mambo yaliyojirudia, na kutokana nayo zikaandikwa kanuni 10 za kupambana na moto wa nyika. Miongoni mwake ni kufuatilia hali ya hewa, kuweka mtu wa kuangalia hatari inapotokea, na kila mtu kuijua njia ya kukimbilia. Kanuni hizo wanafundishwa wazimamoto wapya hadi leo. Kwa hiyo kijana anayeingia kazini sasa analindwa na vifo vya watu waliotangulia kabla hajazaliwa.

USHUJAA BILA UTARATIBU

Mfano wa pili upo karibu zaidi na majumba yetu, kwa sababu unahusu makochi na magodoro. Jioni ya tarehe 18 Juni 2007, katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, duka kubwa la samani liliwaka moto. Moto ulianzia kwenye takataka nje ya sehemu ya kushushia mizigo, ukaingia ndani ya jengo. Askari 9 wa zimamoto walioingia humo hawakutoka.

Uchunguzi wa wataalamu uliofuata ulionyesha mambo kadhaa. Jengo halikuwa na mabomba ya darini yanayomwaga maji yenyewe joto likizidi. Moshi wa moto mkali ulikusanyika juu ya siling bodi, juu ya vichwa vya askari, bila wao kuuona. Vioo vya mbele vilipovunjwa hewa ikaingia, na moto uliokuwa umekosa hewa ukapata nguvu ukaenea dukani kwa haraka mno. Aidha, jopo lililoitwa na mji lenyewe lilikuta upungufu katika mafunzo, mawasiliano ya simu za upepo, uongozi wa tukio, kiasi cha maji yaliyofikishwa, na utaratibu wa kujua nani yumo ndani na nani ametoka.

Hakuna aliyesema askari wale 9 walikosa ushujaa. Ushujaa ulikuwepo tele, na kilichopungua ni utaratibu. Ni maneno machungu kuyasema mbele ya wafiwa, lakini yasiposemwa kikosi kijacho kitaingia kwenye jengo lingine kwa njia ileile. Idara ile ilikubali kusikia, ikabadili uongozi wake, vifaa vyake na mafunzo yake.

SPONJI NA MOSHI

Hapa naomba tusimame kidogo kwa upande wa afya. Sponji iliyojaa katika makochi ya duka lile ndiyo jamii ya sponji tunayolalia. Ikiungua hutoa moshi mzito mweusi wenye sumu mbili kubwa. Ya kwanza ni hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ya pili ni sianidi, ambayo huzuia mwili kuitumia hata ile oksijeni iliyopo. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kizunguzungu, akili huchanganyika, miguu hukosa nguvu, kisha huzimia. Wengi wanaofariki katika nyumba iliyoungua huuawa na moshi kabla ya ndimi za moto kuwafikia.

Hivyo basi, mtu aliyetolewa katika moshi asiachwe nyumbani kwa sababu tu ngozi yake haikuungua. Akiwa na masizi puani au mdomoni, sauti imekwaruza, anakohoa au amechanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja. Njia ya hewa huweza kuvimba saa chache baadaye na kumziba pumzi.

HATA MAFUNZO HUCHUNGUZWA, NA NGUO HUFULIWA

Wazimamoto huchunguza vilevile mafunzo yao wenyewe. Mwaka 1982 katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, wazimamoto wawili walifariki wakiwa mazoezini, ndani ya jengo lililochomwa kwa makusudi ili wajifunzie. Kutokana na msiba huo ukaandikwa mwongozo wa namna ya kufanya mazoezi kwa moto wa kweli, uliotoka mwaka 1986. Kujifunza nako kuna hatari zake, na zoezi lisilokaguliwa linaweza kumfundisha mtu makosa akayazoea.

Jambo jingine linahusu usafi moja kwa moja. Kwa miaka mingi koti la zimamoto lililojaa masizi lilionekana kama nishani ya kazi. Lakini wazimamoto walipoanza kufuatilia afya za wenzao waligundua kuwa saratani inawaandama. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Ndiyo maana vikosi vingi siku hizi huosha vifaa palepale kwenye tukio, hufuta masizi usoni na shingoni, huoga mapema, na nguo za kazini haziingizwi nyumbani. Nasi tuliozoea kupekua majivu ya nyumba iliyoungua tukitafuta mabati na masufuria tujifunze hapo. Funika pua na mdomo, loweka majivu kwanza, watoto wakae mbali, kisha oga kwa sabuni na ufue nguo zile peke yake.

MINA: NCHI NZIMA YA MAHEMA ILIBADILIKA

Mfano unaotugusa Waislamu wote ni wa Mina. Mwaka 1975 mtungi wa gesi ulilipuka katika mahema ya mahujaji na takriban watu 200 wakafariki. Tarehe 15 Aprili 1997 moto ulizuka tena Mina, ikaelezwa kuwa chanzo ni jiko la gesi. Upepo mkali ukaurusha kutoka hema hadi hema, mahema takriban 70,000 yakateketea. Kwa hesabu rasmi mahujaji 343 walifariki na zaidi ya 1,500 walijeruhiwa. Mahema yenyewe yalikuwa ya kitambaa kinachoshika moto haraka na yalikuwa yamebanana.

Baada ya hapo Serikali ya Saudi Arabia ilibadili mambo matatu kwa pamoja. Mahema ya kitambaa yaliondolewa, yakawekwa ya nyuzi za kioo zilizopakwa Tefloni, ambayo hayashiki moto kirahisi. Yakawekwa mabomba yanayomwaga maji yenyewe joto linapopanda. Na majiko ya gesi yakapigwa marufuku ndani ya mahema. Tazama jinsi mabadiliko yalivyolingana na sababu: chanzo kilikuwa gesi, gesi ikaondolewa, kilichoeneza moto kilikuwa kitambaa, kitambaa kikaondolewa, maji yalichelewa kufika, maji yakawekwa juu ya vichwa. Hujaji anayelala Mina leo kwa usalama analala juu ya somo lililogharimu roho za watu.

RIPOTI ILIYOWEKWA KABATINI

Upande wa pili wa jambo hili ni uchungu, nao uko kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1998 bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Bombolulu, huko Kwale nchini Kenya, liliungua na zaidi ya wanafunzi 20 wakafariki. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walifariki katika bweni la Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos. Kote kuwili madirisha yalikuwa na nondo na mlango ulikuwa umefungwa. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama mashuleni. Mwongozo huo unasema madirisha ya bweni yasiwe na nondo, milango ifunguke kwa nje, na kati ya kitanda na kitanda iwepo nafasi ya mita 1.2. Maneno hayo ni mazuri na yametokana na mafundisho ya misiba. Hata hivyo mabweni yameendelea kuungua, na mnamo Septemba 2024 wavulana 21 walifariki katika Shule ya Hillside Endarasha, Nyeri.

Hapa Tanzania tunakumbuka Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, ambako zaidi ya wasichana 40 walifariki bwenini. Na tarehe 14 Septemba 2020 wanafunzi 10 walifariki kwa moto wa bweni katika Shule ya Msingi Byamungu Islamic, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Hao walikuwa watoto wetu, waliopelekwa kutafuta elimu ya dini na dunia. Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira wazazi wao.

Tofauti ya Mina na mabweni ni nini? Si kwamba huku hatukujua sababu. Tumejua, na tumeandika. Lakini maandishi hayafungui mlango usiku wa manane. Somo hukamilika pale nondo inapokatwa, kufuli linapoondolewa, na mtoto anapofanya zoezi la kutoka mpaka miguu yake inaijua njia gizani. Ripoti inayobaki kabatini ni sawa na dawa inayobaki dukani: haimponyeshi mgonjwa.

TUANZE NYUMBANI NA MADRASANI

Familia haihitaji gari la zimamoto ili iige mwenendo huu. Kila likitokea tukio, hata dogo, kama mafuta kushika moto jikoni, ekstensheni kuyeyuka, kaa la chetezo kuangukia mkeka au dawa ya mbu kuunguza shuka, baba na mama wawaite watu wote wa nyumbani baada ya swala ya Magharibi. Wakae robo saa, na watangulize ahadi kwamba atakayesema ukweli hatapigwa wala kufokewa. Kisha waulizane yale maswali manne. Mwisho litoke jambo moja la kubadilisha, litajwe nani atalifanya, na lifanyike siku ileile. Mambo kumi ya kesho hayana faida kama jambo moja la leo.

Mambo ambayo mara nyingi huonekana katika vikao vya namna hiyo ni haya:

- Jiko la mkaa au mtungi wa gesi upo karibu na pazia, au mlangoni kwenye njia pekee ya kutokea. Uhamishwe. Jiko la mkaa lisilazwe chumbani hata kama makaa yanaonekana kufifia, kwani kaboni monoksidi huua watu usingizini bila moto wowote.
- Mshumaa na kibatari huachwa vikiwaka umeme ukikatika. Tumieni tochi, na tushike amri ya Mtume (s.a.w.) ya kuzima moto kabla ya kulala.
- Milango usiku. Tumefundishwa kufunga milango tunapolala, na wazimamoto nao wamethibitisha kuwa mlango wa chumba uliorudishiwa huchelewesha moto na moshi. Lakini kurudishia mlango ni jambo moja, na kumfungia mtu kwa kufuli la nje ni jambo jingine kabisa. Ufunguo wa mlango mkubwa uwe na mahali pake ndani, ambapo kila mtu anaufikia hata gizani.
- Madirisha yote yana nondo kwa kuogopa wezi. Walau dirisha moja katika kila chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kutoka ndani.
- Mafuta ya kukaangia yakishika moto, watu humwagia maji, na moto huruka. Zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko, uiache ipoe.
- Gesi ikinukia, mtu huwasha taa aangalie. Usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Funga mtungi, fungua milango, toeni watu nje.

Kwa upande wa madrasa na shule zenye bweni, zoezi la kutoka lifanyike walau mara moja kila muhula, na angalau zoezi moja liwe usiku. Ustadhi apige filimbi, wanafunzi watoke hadi mahali palipokubaliwa, waitwe majina kwa rejista, na saa itazamwe. Upungufu mmoja uliotajwa Charleston ulikuwa kutojua nani yumo ndani, hivyo rejista ya bweni ikae kwa mwalimu wa zamu wala isifungiwe ofisini. Baada ya zoezi ustadhi awaulize wanafunzi wenyewe maswali manne, na aanze na wadogo. Mtoto wa darasa la pili ndiye atakayekwambia kuwa komeo la mlango lipo juu, mkono wake haufiki. Kamati ya wazazi inaweza pia kuliomba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lije kukagua majengo na kutoa elimu. Kwa dharura hapa Tanzania namba ya kupiga ni 114.

MTU AKISHAUNGUA

Tumalizie na huduma ya kwanza, maana nayo ni sehemu ya mazoezi. Nguo ikishika moto mtu asikimbie. Asimame, alale chini, aviringike, au afunikwe kwa blanketi zito. Jeraha limwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, na pete, bangili na saa vivuliwe kabla ya kuvimba. Nguo iliyonatia kwenye ngozi isibanduliwe. Usipake dawa ya meno, yai, samli wala mafuta, na usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi na uende kituo cha afya, hasa kama jeraha lipo usoni, mikononi au sehemu za siri, kama ni kubwa, au kama aliyeungua ni mtoto mdogo au mzee. Ukifika, mweleze tabibu ukweli wote wa ilivyotokea. Ukweli huo ndio unaomsaidia kutibu, na ndio utakaokusaidia ukirudi nyumbani.

Ndugu msomaji, usiku wa leo kabla ya kulala, zunguka nyumba yako kama mzimamoto. Tazama jiko, tazama swichi, tazama ufunguo ulipo. Kisha waulize watoto swali moja: moto ukitokea sasa hivi, mtatokea wapi? Jibu lao ndilo litakaloonyesha kazi ya kesho.

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu, madrasa zetu na mabweni yetu. Tukutane wiki ijayo, inshaAllah.